Imani na Utambulisho Kando ya Mto Kerio: Kutoka Lothagam hadi Kakuma

Mto Kerio huanzia karibu na ikweta, katika nyanda za juu za Kenya. Hupita katika bonde lenye jina lake kati ya Elgeyo na vilima vya Tugen, kisha huingia nchi kame ya Waturkana na kumwaga maji yake, msimu unapoyaleta, katika Ziwa Turkana. Mwisho huo wa mto, kusini-mashariki mwa Lodwar, ndiko iliko Kerio ya Turkana: nchi ya mbuzi na ngamia, ya wavuvi, na ya wanawake wanaosuka vikapu kwa majani ya mikoma. Watu wa asili na imani tofauti wamekutana hapa kwa miaka elfu kadhaa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kilichowafanya kuwa jamii moja hakikuwa tamko la imani ambalo kila mmoja alitakiwa kulikiri. Ilikuwa kazi iliyofanywa pamoja, maji yaliyogawanywa, na nafasi ya mtu katika mduara wa wenzake.

Ushahidi wa kale zaidi uko Lothagam, kilima cha miamba kati ya Kerio na ziwa. Hapo wafugaji wa kwanza wa Afrika Mashariki walijenga makaburi ya pamoja yapata miaka 5,000 iliyopita. Mvua zilikuwa zinapungua na ziwa linarudi nyuma. Walichimba shimo kubwa, wakazika wafu wao humo kwa karne kadhaa, kisha wakalifunika kwa jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi na kusimamisha nguzo za mwamba. Watafiti wakiongozwa na Elisabeth Hildebrand walitangaza mwaka 2018 kwamba humo walizikwa watu wasiopungua 580: watoto wachanga, vijana, wazee, wanaume na wanawake. Karibu kila maiti iliyofukuliwa ilikuwa na mapambo, ikiwamo shanga za mawe ya rangi. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hapakuonekana kaburi la mtawala lililotengwa na mengine, wala pembe ya watu duni. Jambo hilo linastahili uzito, kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kwamba watu hujenga vitu vikubwa pale tu wanapokuwa na mfalme wa kuwaamuru.

Mawe mengine ya namna hiyo yako Kalokol, upande wa kaskazini, na Waturkana wanayo simulizi yao kuyahusu. Husemwa kwamba yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe, na mpita njia huweka kijiwe juu ya nguzo kabla ya kuendelea na safari. Waturkana hawakuyasimamisha mawe hayo, lakini hawakuyang'oa. Waliyapa heshima na nafasi katika mawazo yao. Lokori, juu zaidi kando ya Kerio, kuna makaburi ya kale yaliyozungushiwa mabamba ya mawe, na juu ya mabamba hayo zimechongwa alama zinazofanana na chapa za mifugo. B. M. Lynch na L. H. Robbins, waliochunguza mahali hapo katika miaka ya 1970, waliwadhania waliozikwa kuwa wafugaji wenye asili ya Kikushi. Alama kama hizo bado zinachomwa kwenye ngozi za ng'ombe na ngamia wa Waturkana, watu wa lugha nyingine kabisa. Ishara zinaweza kupita kutoka kwa watu hadi kwa watu hata pale lugha inapokatika.

Waturkana wenyewe ni wa jamii za Ateker, ndugu wa Wakaramojong na Wajie wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa mpaka wa Ethiopia. Simulizi yao ya asili inamhusu mwanamke mzee aitwaye Nayeche, aliyetoka nchi ya Wajie akifuata nyayo za fahali aliyepotea. Alishuka mashariki hadi kwenye laga ya Tarach, yaani mto wa msimu, akaishi huko kwa matunda ya porini. Vijana waliotumwa kumtafuta fahali walimkuta, wakaona malisho ni mazuri, wakarudi kuwaita wenzao. Kilima cha Moru Anayeche kinatajwa kuwa mahali alipozikwa. Taifa hili, basi, halidai kwamba lilichipuka katika ardhi hii. Linasimulia kwamba lilifika, na aliyetangulia alikuwa mgeni asiye na kundi wala mume, akiokota matunda.

Katika karne ya 18 na ya 19 Waturkana walienea kutoka Tarach hadi ziwani na kusini hadi Kerio. Kuenea huko kulikuwa na vita, lakini wengi wa waliokutwa hawakufukuzwa wala kuuawa, waliingizwa ndani. Wasiger, waliokuwa wakiishi milimani kaskazini, waligeuka kuwa tawi la Waturkana linaloitwa Ngisiger. Mlango wa kuingilia ulikuwa emachar, yaani ukoo unaotambulika kwa chapa ya mifugo yake. Aliyepokelewa na ukoo alichoma chapa yake kwenye wanyama wake, na hapo akawa na watu wa kumlipia fidia na wa kumlilia akifa. Mwanamke anapoolewa huingia emachar ya mumewe na kushika taratibu zake. Juu ya mpango huo upo mwingine unaowagawa wanaume wote katika pande mbili, Ngimor na Ngirisai, yaani mawe na chui. Mtoto huwa upande usio wa baba yake, hivyo baba na mwana hawakai pamoja kamwe katika mgawanyo huo, ilhali babu na mjukuu hukaa pamoja.

Majina nayo yana tabaka zake. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Ekiru, wa kike Akiru. Mwanamume akikua hupata jina linalotokana na rangi au pembe za maksai wake kipenzi, na marika wake humwita kwa jina hilo wakimsifu. Ubatizo ulipofika uliongeza jina la tatu. Mtu mmoja aweza kuwa Ekiru kwa mama yake, jina la maksai kwa wenzake, na Petro au Yohana katika daftari la parokia, na hakuna anayemtaka achague moja.

Mungu wa Waturkana ni Akuj, mmoja, mwenye mvua na uhai, aliye juu lakini asiye mbali. Hakuna hekalu. Ibada kuu hufanyika chini ya mti, kwenye akiriket, na inafaa kuieleza kwa undani kwa sababu ndipo muundo wa jamii unapoonekana kwa macho. Wanaume huketi kwa nusu duara, kila mmoja mahali panapolingana na umri wake na upande wake. Dume huchomwa mkuki na yule ambaye zamu yake imefika, akachomwa juu ya moto akiwa mzima na ngozi yake. Wazee huchukua utumbo, wakautandaza na kuusoma: mishipa hii ni njia ya maadui, doa hili ni mvua. Majani yaliyosagika tumboni mwa mnyama hupakwa miilini mwa watu kuwa baraka. Kisha mzee husimama na kuomba kwa sentensi fupi fupi, na wote huitikia kwa pamoja neno la mwisho la kila ombi: maradhi yaende, yaende, mifugo ije, ije. Katika mpangilio huo hakuna anayeulizwa anaamini nini. Anaulizwa, kwa mahali anapoketi, yeye ni nani kwa wengine.

Hata hivyo mduara una mipaka yake. Wanawake huketi kando, na nyama bora ni ya wazee wa kiume. Dua zilezile zilizowakusanya Waturkana ziliweza pia kubariki uvamizi dhidi ya Wapokot, Wasamburu au Wadasanech. Anayetaka kuuona mfumo huu kuwa pepo ya uvumilivu atakuwa ameacha nje walioporwa ng'ombe na waliouawa. Ukarimu ulikuwa mkubwa kwa aliyekwisha kuingia. Kwa aliyebaki nje ya kizingiti, mkuki ulikuwa tayari.

Kati ya watu na Akuj husimama emuron, mwaguzi. Wapo wa daraja nyingi. Mmoja hutupa ndala zake za ngozi chini na kusoma jinsi zilivyoanguka, mwingine husoma tumbaku, mwingine utumbo. Wakubwa zaidi huota ndoto zinazowaelekeza watu wote. Jina linalotajwa kuliko yote ni Lokerio, aliyeongoza mashambulizi ya Waturkana katika karne ya 19. Inasimuliwa kwamba alipiga maji ya ziwa kwa fimbo yake, yakagawanyika, na askari wake wakavuka kwa miguu hadi ng'ambo ya mashariki kuchukua ngamia. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Musa mara moja, na wahubiri waliokuja baadaye walikuta wasikilizaji ambao habari ya bahari kugawanyika haikuwashangaza.

Uislamu ulifika ziwani na misafara ya biashara kabla ya Ukristo. Mwezi wa Machi 1888 Count Teleki na Ludwig von Höhnel walifika kwenye ziwa hilo wakiwa na wapagazi wa pwani, na pamoja nao Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani ambaye tayari alikuwa amesafiri na mvumbuzi Joseph Thomson. Vitabu vya wavumbuzi huwakumbuka Wazungu wawili, lakini mamia ya watu waliofanya safari hiyo walizungumza Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Baadaye walikuja Wahabeshi kutoka kaskazini na bunduki za kuuza, na Waingereza kutoka kusini wakiwa na askari wa Kisudani. Mapambano yalikuwa makali. Viongozi wa upinzani walikuwa Ebei, jemadari, na Loolel Kokoi, emuron, wakishirikiana kama mkono na jicho. Operesheni ya Labur ya mwaka 1918 ilivunja nguvu zao na kuwanyang'anya Waturkana maelfu ya mifugo.

Serikali ya kikoloni iliifunga pia nchi. Sheria za wilaya zilizofungwa, ya 1902 na ile ya 1934, zilimzuia yeyote kuingia bila kibali, wamisionari wakiwamo. Eneo la kaskazini lilikuwa chini ya Uganda hadi 1926. Kwa hiyo wakati nchi jirani zilikuwa na shule za misheni kwa miongo kadhaa, Turkana ilikaa nje ya wimbi hilo. Hasara yake katika elimu ilikuwa kubwa na athari zake bado zipo. Lakini matokeo mengine ni kwamba dini ya Akuj haikupigwa vita na kanisa kwa nusu karne ya kwanza ya ukoloni, kama ilivyotokea katika nyanda za juu. Ilibaki ikitendwa hadharani, na vijana walijifunza kwa kuketi kwenye akiriket yenyewe.

Mji wa Lodwar ulianza kukua kama kituo cha biashara. Shah Mohamed na wafanyabiashara wengine walifika katika miaka ya 1930 na kufungua maduka, na serikali ikafuata na ofisi na zahanati. Mji huo ukawa pia mahali pa kufungia watu ambao wakoloni waliwaogopa. Jomo Kenyatta aliletwa Lodwar mwaka 1959, baada ya kifungo cha Lokitaung, akakaa hapo hadi 1961. Kwa Wakenya wa kizazi kile jina la Lodwar lilimaanisha mbali kupita kiasi, na hata leo kuna watu wa Nairobi wanaolitamka hivyo.

Njaa ndiyo iliyofungua mlango kwa misheni. Ukame wa 1960 na 1961 uliua mifugo, na serikali ilihitaji mikono ya kugawa chakula na kutibu wagonjwa. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland waliingia, na wamisionari wa Africa Inland Mission nao, baadhi yao wakifanya kazi ya utabibu huko Lokori. Mnamo 1968 Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Lodwar, na mwaka 1978 ikawa jimbo kamili, askofu wake wa kwanza akiwa John Mahon. Baadaye walifuata Patrick Harrington, Dominic Kimengich na John Mbinda. Kanisa lilichimba visima, likajenga shule na zahanati, na pale ambapo hapakuwa na serikali lilifanya kazi ya serikali. Hili lina upande wake mgumu. Watu wengi walilijua kanisa kwanza kama mahali pa unga na dawa, na hakuna kipimo cha kutenganisha, moyoni mwa mtu mwenye njaa, shukrani na imani.

Mapadre wengine walijifunza kwa kina kutoka kwa wenyeji. Anthony Barrett, padre wa shirika hilohilo la Ireland, aliandika kamusi ya Kiturkana na utafiti mpana juu ya sadaka na unabii katika fikra za Waturkana. Uamuzi wa kutumia jina la Akuj katika sala na katika Biblia ya Kiturkana ulikuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana, kwa kuwa ulikiri kwamba Mungu alikuwa amekwisha kufika kabla ya gari la misheni. Waumini wengi wakaendelea kubeba vyote viwili. Mzee huhudhuria Misa Jumapili, na mvua inapokawia huketi kwenye akiriket pamoja na wenzake. Baadhi ya makanisa ya Kiprotestanti yaliwataka waumini wake waache kabisa kwenda kwa emuron, na msimamo huo umegawanya familia. Waislamu wa Lodwar, wa asili ya Kisomali na Waturkana waliosilimu, wana misikiti yao kati ya maduka. Juu ya kilima kinachoutazama mji imesimama sanamu kubwa ya Kristo aliyenyoosha mikono.

Mwaka 1992 historia hii iliingia awamu ambayo haikuwahi kuonekana. Vijana wa Sudan ya Kusini, maelfu yao bila wazazi, walikuwa wamekimbilia Ethiopia na kufukuzwa tena baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991. Walivuka mpaka wakafika Lokichoggio, na kambi ikafunguliwa kwa ajili yao Kakuma, kwenye laga ileile ya Tarach ambako Nayeche alimfuata fahali wake. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa mwaka 2016, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 idadi ya wakimbizi ilipita 200,000.

Ramani ya kambi ikawa pia ramani ya imani. Wadinka wa Kanisa la Episkopali walijenga makanisa ya udongo na kutembea wakiwa wamebeba misalaba. Wanuer wengi walikuwa Wapresbiteri. Waethiopia wa Kiorthodoksi walikuwa na kanisa lao na mifungo yao mirefu, Wasomali misikiti na madrasa, Wakongo makanisa ya Kipentekoste yenye spika na kwaya za Kiswahili. Wasalesio wa Don Bosco walianza mafunzo ya ufundi mwaka 1993, Shirika la Wajesuiti kwa Wakimbizi likafuata mwaka mmoja baadaye, na Lutheran World Federation lilibeba sehemu kubwa ya uendeshaji wa kambi. Waturkana wenyeji waliyaona yote haya kutoka nje ya uzio wa miiba, wakiuza kuni na makaa kwa watu waliogawiwa chakula. Wivu ulikuwapo na damu imewahi kumwagika. Ndoa zilikuwapo pia, na kwenye bomba la maji Kiswahili kilikuwa lugha ambayo kila mmoja alikuwa nayo kidogo.

Kakuma ilileta pia watu waliokimbia si vita bali jamii zao. Baada ya sheria ya Uganda ya 2014 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, mamia ya Waganda waliomba hifadhi Kenya, na wengi walipelekwa huko. Walishambuliwa na wakimbizi wenzao, na madhehebu mengi ya kambini hayakuwa na nafasi kwao. Swali la nani anaruhusiwa kuketi katika mduara lilikuja mlangoni likiwa na sura ambazo akiriket haikuzijua.

Ni kwa sababu ya swali hilo kwamba mapokeo madogo ya Waunitaria yanastahili kutajwa. Walitokea Transylvania, ambako mwaka 1568, wakati wa Mfalme John Sigismund, amri ya Torda iliwaruhusu wahubiri kufundisha kadiri walivyoielewa Injili. Walimkiri Mungu mmoja bila Utatu, na baadaye wengi wao wakaacha kudai kauli moja ya imani kabisa, wakajifunga kwa ahadi ya jinsi ya kuishi pamoja. Afrika Mashariki wana makundi machache Kenya, Uganda na Burundi. Kampala, mchungaji Mark Kiyimba alisimama hadharani dhidi ya mswada uliotangulia sheria ile ya 2014. Bujumbura, mchungaji Fulgence Ndagijimana alikamatwa mwaka 2015, katika machafuko yaliyowasukuma Warundi wengi nje ya nchi, kisha naye akaondoka. Jumuiya kama hizo na akiriket zinafanana kwa kuuliza kwanza utaishije nasi. Zinatofautiana kwa jambo zito: kwa Waunitaria mtu huingia kwa hiari yake na anaweza kutoka, na mwanamke ana mahali sawa na mwanamume. Kwa Waturkana wa zamani kuingia kulikuwa kwa chapa, damu au ndoa, na anayetoka alikuwa amepoteza karibu kila kitu. Wenye mfumo mmoja wana la kujifunza kwa wenye mwingine, na Turkana ina mashahidi wa kutosha wa mfumo huo wa chapa, damu na ndoa.

Tangu katikati ya miaka ya 2010 kaunti imekuwa ikiandaa tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar, linalowakutanisha Waateker wa Kenya, Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Humo wazee huombea mvua kwa Akuj, na viongozi wa makanisa hufungua mkutano kwa sala. Mwezi wa Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule, hospitali na masoko yaleyale. Suala la ardhi halijaisha. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii chini ya sheria ya 2016, na makanisa na misikiti ya Kakuma yamesimama kwenye viwanja vilivyogawiwa na mamlaka za kambi bila hati. Wafu wa dini zote wamekwisha kuzikwa humo kwa miaka zaidi ya 30. Nani atamiliki nyumba hizo za ibada na makaburi hayo ni jambo ambalo wazee wa Turkana, viongozi wa wakimbizi na serikali ya kaunti watalazimika kuliamua wakiwa wameketi pamoja.